Nilivyokimbia Alfajiri Ili Dada Yangu Aishi

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu, na namshukuru kwa miguu hii miwili iliyonileta mbele yenu. Kwa wasionijua, mimi ni Rehema Sidi, Mama Furaha, mke wa Kazungu mwashi, na nashona nguo pale Tezo. Baadhi yenu mmevaa leo nguo zilizopita mikononi mwangu. Nimeombwa niseme jinsi Mungu alivyonitoa katika kifungo cha hofu. Nitasema, lakini mnivumilie nikisitasita. Mambo haya yamekwisha, ila mwili wangu bado haujaamini kwamba yamekwisha.

Ndugu zangu, nianze na jinsi nilivyokuwa. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa. Asubuhi nafungua kibanda, naketi kwenye cherehani, nainuka jua likizama. Chai yangu ilikuwa ya sukari nyingi, na mahamri ya jirani yangu Bi Zuhura hayakuwa yakinipita. Mwili uliongezeka kidogo kidogo hata nikawa nafumua nguo zangu mwenyewe na kuzipanua, nikijiambia ni utu uzima tu. Nikipanda ngazi za duka la vitambaa mjini Kilifi, nilikuwa nasimama katikati nikijifanya natazama barabara, kumbe natafuta pumzi.

Tulizaliwa Ganze, mimi na Dama, ambaye ni kitinda mimba wetu. Mnaoijua Ganze mnajua habari ya maji: unatoka na dumu nyota zikiwa bado juu, unarudi watu wameshakunywa chai. Dama ndiye aliyekuwa akitangulia na kutucheka sisi tuliobaki nyuma. Aliolewa huko huko, akapata watoto wawili, akaendelea kuwa mtu wa nguvu hadi miguu ilipoanza kumvimba. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kisha uso nao ukavimba. Wengine wakasema ametegewa kitu, wengine wakasema ni chumvi. Alipofikishwa hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimeshindwa, hata mkojo ulikuwa umekauka. Wakatuambia atasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, siku zote, au mpaka apate figo ya mtu mwingine.

Kusafiri kutoka Ganze kila mara hakukuwezekana. Nikamchukua nikakaa naye Tezo, watoto wake wakabaki na baba yao. Tulimwekea kitanda sebuleni karibu na mlango, kwa kuwa alitaka hewa. Hakuweza kulala chali, maana maji yalikuwa yakimpanda kifuani. Alilala ameketi, ameegemea mito, kichwa kimeinama upande. Nami nikaanza tabia ya kusimama karibu naye nikisikiliza kama anapumua. Nasikia, naondoka. Kabla sijafika chumbani nahisi sikusikia sawasawa, narudi tena.

Walipotafuta mtu wa kutoa figo, damu ya kaka yetu mkubwa haikukubaliana na ya Dama, na wa pili ana kisukari. Yangu ikakubaliana. Niliinuka kwenye kiti nikamshukuru Mungu pale pale. Halafu daktari akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima, akapima tena.

"Mama," akasema, "damu zenu zinakubaliana, lakini siwezi kukupasua ulivyo sasa. Presha iko juu, sukari iko mpakani, uzito ni mwingi. Nikikutoa figo leo, nitakuwa na wagonjwa wawili."

"Basi nipe dawa."

"Dawa peke yake hazitakufanya uwe mtoaji. Mwili wako unataka mazoezi ya kila siku, na chakula kipungue. Uje baada ya miezi kadhaa tukupime upya."

"Na Dama ataifikia hiyo miezi?"

Aliweka kalamu yake chini, akasema tutamwomba Mungu.

Ndugu zangu, hapo ndipo hofu iliponiingia ikakaa. Nilitoka pale nikijua kwamba uhai wa dada yangu umewekwa ndani ya mwili wangu, mwili ambao haukuweza kumaliza ngazi za duka. Nikila wali, kila kijiko naona namnyang'anya Dama. Nikiketi kwenye cherehani, naona muda unapita na mimi nimeketi.

Mume wangu naye hakutaka. Kazungu si mtu wa maneno mengi. Alingoja watoto watoke, akaniambia, "Mama Furaha, nampenda shemeji yangu. Lakini wakikufungua usirudi, nitafanya nini na watoto hawa? Nitawazika nyote wawili?" Swali hilo lilikuwa kichwani mwangu pia. Nilimwambia tu kwamba naanza mazoezi, mengine tutayaona mbele.

Muuguzi mmoja alinielekeza namna ya kuanza. Usikimbie siku ya kwanza, akasema. Tembea. Ukizoea, kimbia kidogo, tembea, kimbia tena. Na mwendo wako uwe wa kukuwezesha kusema. Ukiona huwezi kutoa neno, umezidisha.

Mchana sikuwa na nafasi, kwa sababu ya wateja na ya kumpeleka Dama mashineni, na jua letu mnalijua. Ilibaki alfajiri. Nikanunua raba za mitumba sokoni. Nikavaa suruali ya mazoezi, juu yake sketi kwa heshima, na leso begani. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango giza likiwa limeshika bado, nikasimama kizingitini. Njia yetu ya mchanga inapita katikati ya mikorosho hadi kwenye lami, na mikorosho ile gizani ilikuwa kama watu walioinama wakingoja. Nikarudi ndani. Nikaenda kusikiliza pumzi za Dama, nikamkuta macho.

"Umeshamaliza?" akaniuliza.

"Sijaanza."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho hakikwisha upesi. Nilipomshika mgongo akausukuma mkono wangu, akaonyesha mlango. Nikatoka.

Nilitembea hadi lami nikarudi, nikaketi mlangoni magoti yakiniwaka. Kesho yake viungo vyote vilikuwa vinauma, nikatembea tena. Niwaambie ukweli, hapakuwa na asubuhi hata moja niliyoamka nikiwa nataka. Nilijua nikianza kufikiri nitashindwa. Kwa hiyo nikawa nalala na nguo za mazoezi, raba nimeziweka mahali ambapo nikishuka kitandani lazima nizikanyage. Nilitaka mwili uwe umeshainuka kabla akili haijaanza kubishana. Njiani nikazifanya nguzo za umeme kuwa kipimo changu. Nakimbia kutoka nguzo hii hadi ile, natembea hadi inayofuata. Baadaye nikawa nakimbia nguzo mbili kwa mfululizo, kisha tatu. Na kwa sababu ya lile agizo la muuguzi, nikawa naomba kwa sauti. Maneno yalikuwa machache, kwa kuwa pumzi yenyewe ilikuwa chache. "Bwana, mpe Dama pumzi. Bwana, nishushie presha. Bwana, nguzo moja tena." Nikawa nayarudia hayo njia nzima.

Masika yalipoingia njia ikawa matope. Nilianguka, nikarudi nyumbani nusu ya mwili ni udongo, na kesho yake nikatoka. Polepole mwili ukakubali. Nguo nilizozipanua nikazirudisha zilivyokuwa. Siku moja nilipanda ngazi za duka la vitambaa nikafika juu, muuzaji akaniuliza mbona nina haraka. Lakini hofu haikupungua pamoja na uzito. Ilihama tu. Mwanzo niliogopa kwamba mwili wangu hautaweza. Sasa nikaogopa kwamba utaweza, na nitalazwa juu ya meza nipasuliwe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa lilipotokea jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Kabla ya kufika lami pana boma la jirani yetu, Mama Karisa. Mbwa wake walizoea kunitokea kila asubuhi, nami nilizoea kuwapita nikiwa na jiwe mkononi. Mama Karisa mwenyewe tulikuwa tukisalimiana vizuri, na watoto wake nimewashonea sare za shule. Sasa mwanawe mdogo akashikwa na homa kali, akapata degedege. Walimpeleka zahanati akatulia, kisha ikamrudia. Na katika kutafuta sababu, mtu akasema kuna mwanamke anapita hapa kila siku giza halijatoka, amejifunika leso, anakimbia peke yake, na anasema maneno.

Ndugu zangu, sisi sote ni watu wa hapa. Mnajua neno likianza hivyo linafika wapi. Mnajua wazee waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya mvi zao tu. Sina haja ya kuwaeleza.

Nilianza kuona kwa wateja. Walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja alitaka gauni lake la harusi, nami nilikuwa bado sijalitia mikono. Nikamwambia halijaisha. Akasema, "Hivyo hivyo, dada, nipe." Hakunitazama usoni. Alasiri moja shemeji yake Mama Karisa akaja na wanaume wengine, wakasimama mbele ya kibanda wakanizibia mwanga.

"Mama," shemeji akasema, "ukipita kwetu gizani huwa unasema maneno gani?"

"Naomba."

"Unaomba nini kwetu?"

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani na ulikuwa unatetemeka, basi sindano ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na chini yake hapana kitambaa. Wanaume wale wakaitazama ile sindano. Nadhani hata hiyo waliihesabu kuwa ushahidi.

Mzee wa mtaa alituita uani kwake jioni ile ile, jua halijazama. Kazungu alitoka kazini akaja na saruji miguuni, akasimama nyuma yangu. Watu walijaa. Kijana mmoja alikuwa na panga. Alisema ametoka shambani, na huenda alikuwa ametoka shambani kweli. Mama Karisa aliketi na mtoto mapajani, akinitazama kama mtu ambaye hajapata kuniona. Nilipopewa nafasi nikaeleza habari za Dama, na presha, na kwamba nakimbia ili nifae kumpa figo yangu moja. Nikasikia watu wananong'ona. Yule shemeji akasema, "Mnamsikia? Anasema atatolewa kiungo tumboni apewe mtu mwingine, na wote waishi. Haya ni maneno ya nani kama si ya wachawi?"

Nilihisi Kazungu ananishika bega.

Ndipo akasimama Bi Zuhura. Mnamjua wengi wenu, yule mama wa Kiislamu anayekaanga mahamri kando ya njia. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

"Mzee, masalkheri peke yake haikutoshi, basi nakuamkia kabisa, shikamoo," akasema, na watu wachache wakatabasamu. "Mimi huamka kabla ya adhana, na moto wangu uko pale pale njiani. Mwanamke huyu namwona kila siku akienda, namwona akirudi, na namsikia. Mwataka maneno yake? Nimeyahifadhi." Akayasema moja moja, akihema kama ninavyohema mimi: "Bwana, mpe Dama pumzi. Bwana, nishushie presha. Bwana, nguzo moja tena." Kisha akawageukia wale wanaume. "Hayo ndiyo anayoyasema. Dini yangu si yake. Lakini wallahi, nikimsikia akipita, nami pale kwenye karai langu huitikia amina."

Mzee akamwambia Mama Karisa, "Mtoto apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, asingojee kesho. Na huyu mama asiguswe na mtu." Wakampeleka. Ilikuwa malaria imempanda kichwani. Namshukuru Mungu, mtoto yule alipona.

Lakini mimi sikupona. Nilikuwa nimetoka katika mikono ya watu, ila hofu haikuniachia. Kazungu alisema, "Sasa basi. Usitoke tena." Nami nilishukuru kuambiwa hivyo. Nikajaribu kuzunguka uani kwetu mchana, lakini kila aliyepita njiani nilidhani amesimama kunitazama, nikaingia ndani. Kibanda nikawa nakifungua nikichelewa na kukifunga mapema. Nilipokwenda kupimwa, presha ilikuwa imepanda tena. Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Dama kwamba mambo yanaendelea vizuri, akanitazama, akasema, "Raba zako zina buibui, dada."

Haukupita muda mrefu. Alfajiri moja nilimsikia Dama anavuta pumzi kama mtu anayenyonya kitu kupitia kitambaa kizito. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Alitaka kusema na hakuweza, akawa ananishika kwa macho tu. Kazungu alimbeba mikononi hadi barabarani, nami nikikimbia mbele kutafuta gari, na dereva mmoja wa gari la mboga akasimama, Mungu ambariki, akatufikisha Kilifi. Wakamwekea hewa, wakamkimbiza kwenye mashine, wakafunga mlango. Kazungu akarudi kwa watoto. Mimi nikabaki kwenye benchi ya nje, na mbingu ndiyo kwanza zinaanza kupata rangi.

Ndugu zangu, pale kwenye benchi ndipo Mungu aliponitembelea. Nilimwambia kila kitu. Nikasema, Bwana, naogopa. Naogopa giza. Naogopa watu wa njiani. Naogopa kisu cha daktari. Naogopa kufa niwaache wanangu. Na naogopa kuishi, Dama amekufa, na figo mbili nzima ziko ndani yangu. Siku zote nilikuwa namwomba aniondolee hofu kwanza, ndipo nitoke. Asubuhi ile nilichoka kuomba hivyo. Nikasema, hofu yangu iache ilipo kama unapenda, ila chukua hii miguu uitumie.

Sikusikia sauti, wala sikuona maono. Mikono yangu ilikuwa bado ya baridi. Lakini niliinuka. Nikatembea hadi mwisho wa jengo, nikazunguka nyuma kwenye kamba za kuanikia shuka, nikatokea upande wa lango. Mara ya pili nikaona nakimbia. Nimevaa ndara na dera la kulalia, nimejitanda leso, nakimbia katika uwanja wa hospitali, na wanawake wa usafi wamesimama na fagio zao wakinitazama. Nilijua wananitazama. Niliogopa kutazamwa. Na miguu ikaendelea.

Mlinzi wa lango akaniita. "Mama, unakimbilia wapi? Kuna mgonjwa?"

"Kuna mgonjwa," nikasema. "Ndiyo maana."

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua kiti chake akakisogeza kando ili nipite.

Hapo, ndugu zangu, ndipo kifungo kilipokatika. Wako wanaofikiri kufunguliwa ni kuacha kuogopa. Mimi hofu yangu ilikuwepo, ila kuanzia siku ile haikuwa tena na amri juu yangu. Haleluya!

Dama alirudishiwa pumzi, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Jioni hiyo nilimkuta Kazungu uani ameipindua baiskeli yake, anaitia mafuta mnyororo.

"Kesho tunatoka pamoja," akasema.

"Na kazi yako?"

"Kazi ni mchana. Na usifikiri nimekubali mambo ya kupasuliwa. Nilichokubali ni kwamba usiwe peke yako."

Basi tukawa tunatoka. Mimi mbele na raba zangu, yeye nyuma kwenye baiskeli na tochi. Tulipolifikia boma la Mama Karisa mara ya kwanza, nikaokota jiwe. Mbwa hawakutoka. Walikuwa wamefungwa, nikawasikia wakilia nyuma ya nyumba. Baada ya siku nyingi za namna hiyo Mama Karisa mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Habari za asubuhi, Mama Furaha." Nikaitikia. Akauliza, "Dada yako anaendeleaje?" Nikamwambia anajikaza. Hatukusema zaidi ya hapo, na hadi leo hatujawahi kulizungumza lile jambo. Lakini mbwa hawakunitokea tena.

Na Kazungu, siku moja katikati ya njia, akaniuliza kutoka nyuma, "Wakikutoa moja, hiyo inayobaki inatosha?"

"Daktari anasema inatosha, nikiitunza kwa kukimbia hivi."

Nikasikia baiskeli ikilia nyuma yangu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi kimbia vizuri." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa na mume wangu.

Siku ya kupimwa ilipofika, nilikaa kwenye kiti kile kile. Daktari akafunga kitambaa, akapima, akapima tena. Nikaona Dama amekufa. Nikaona kila kitu kimekuwa bure. Kisha akavua miwani akaniuliza, "Mama, ulifanya nini?" Nikasema nilikimbia.

Upasuaji ulifanyika Mombasa. Asubuhi ya siku hiyo niliamka saa yangu ya kawaida bila kuamshwa, nikatembea ukumbini nikienda na kurudi. Walikuwa wanipime presha mara ya mwisho, nami nikawa naogopa kwamba kule kuogopa kwenyewe kutaipandisha wanirudishe nyumbani. Dama alikuwa kwenye kitanda cha jirani, amevikwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

"Dada," akasema, "bado unaweza kurudi Tezo. Sitakuwa na neno moyoni."

"Nyamaza, Dama."

"Nasema kweli."

"Najua unasema kweli. Ndiyo sababu nakwambia nyamaza."

Muuguzi akaja akapima. Ilikuwa sawa. Mikono ilikuwa inatetemeka na presha ilikuwa sawa, ndugu zangu. Mwili ulikuwa umeshajifunza jambo ambalo moyo ulikuwa bado haujajifunza. Wakanisukuma. Nilianza kuomba yale maneno yangu, na sikumbuki kama niliyamaliza.

Nilipozinduka maumivu yalikuwa makali, ubavu wote. Niliuliza habari za Dama kabla sijauliza kama mimi ni mzima. Muuguzi akainama, akasema, "Figo imeanza kazi. Mfuko wake wa mkojo umejaa, tumeshaumwaga mara ya kwanza." Sijawahi kudhani nitamhimidi Mungu kwa ajili ya mkojo. Siku ile nilimhimidi kwa machozi, na kila chozi lilinivuta mshono.

Sitawadanganya kwamba yote ni shwari. Dama anakunywa dawa kila siku ili mwili wake usiikatae figo, na kila akienda kliniki mimi sishoni kitu cha maana mpaka anipigie simu. Simu ikilia kabla ya wakati wake, moyo unanidunda. Lakini ameshahamia tena Ganze kwa watoto wake. Akija Tezo tunatoka alfajiri, polepole, kwa kuwa bado anajenga nguvu. Na njiani hunisimamisha aingie kichakani kwa haja ndogo. Mwanamke aliyekaa muda mrefu hivyo bila kuijua hiyo haja! Namngoja barabarani, namsikia anajiimbia huko ndani, na ninasimama pale nikilia kimyakimya mpaka atokee, akiniuliza nalia nini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, na Bi Zuhura ambaye hayuko hapa ila salamu zitamfikia, na ninyi nyote mliochangia na kuomba. Na sasa nazungumza na wewe uliyeketi hapa na una jambo ambalo umeagizwa ulifanye, na unangoja hofu iondoke kwanza. Huenda isiondoke. Usiingoje. Mpe Bwana miguu yako jinsi ilivyo, hata kama leo inaweza kufika mlangoni tu, na kesho umpe tena. Yeye ni mwaminifu. Mimi nimemjaribu nikiwa natetemeka, na hakuniacha.

Msiniamini kwa maneno yangu. Dama, mdogo wangu, simama. Simama wakuone.